Bafu la nyumba ya zamani: anzia kwenye chemba, si dukani

Nyumba za Dar es Salaam zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, zile za Upanga, Chang'ombe, Magomeni na Kinondoni ambazo bado zimesimama, mara nyingi zina bafu la aina moja. Maji safi yanapita kwenye mabomba ya GI, yaani ya chuma kilichopakwa zinki, yaliyozikwa ukutani. Choo kinatoka moja kwa moja hadi kwenye chemba, lile shimo la nje lenye mfuniko ambamo mabomba ya maji taka hukutana. Maji ya beseni na ya kuogea yanatoboa ukuta na kumwagika nje kwenye gali trapu, kishimo chenye mpindo unaoshika maji, ndipo yaungane na mstari wa choo. Mwenye nyumba akitaka kulifanya upya huanzia dukani: anachagua marumaru, anapenda choo, analipia shawa. Fundi akivunja sakafu anakuta tundu la choo liko sentimita 22 kutoka ukutani, na choo kilichonunuliwa kinadai 30. Hapo kazi inaanza kulazimishwa, na bomba la maji taka lililolazimishwa linasubiri tu siku ya kuziba.

Mfuatano ninaoutetea ni huu: chemba kwanza, kisha maji taka ya ndani, kisha maji safi, kisha majaribio, kisha sakafu isiyopitisha maji na marumaru, na vifaa mwisho kabisa. Choo na miksa unaweza kuvichagua mapema kadiri upendavyo. Usivilipie kabla hujapima.

Fungua mfuniko

Inua mfuniko wa chemba iliyo karibu na bafu. Mwaga ndoo ya lita 10 kwa mkupuo kwenye choo, halafu nyingine kwenye beseni, halafu nyingine kwenye tundu la kuogea, huku mtu mmoja akiwa amesimama kwenye chemba. Maji ya choo yanatakiwa kufika kwa nguvu na kwisha mara moja. Yakija kwa kuchechemea, bomba limezama mahali au mizizi imeingia kwenye maungio. Nyumba hizi nyingi chini ya ardhi zina mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyoungwa kwa saruji, na maungio hayo ndiyo mlango wa mizizi ya mwarobaini na mwembe. Ukiona nyuzi za mizizi kwenye chemba, badilisha mstari wote hadi hapo. Kusukuma fimbo kutakupa miezi michache tu.

Kama nyumba haiko kwenye mfumo wa mji, fungua pia shimo la maji taka. Maji yakiwa yamepita juu ya bomba la kuingilia, lipakuliwe kabla ya kazi. Likijaa tena ndani ya siku chache, tatizo liko kwenye shimo la kunyonya, na bafu jipya litalizidishia.

Sasa pima kina. Chukua mpira wa kupimia levo, hamisha usawa wa sakafu ya bafu iliyokamilika hadi kwenye chemba, kisha pima kutoka usawa huo hadi chini ya mfereji wa chemba. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama choo kinaweza kuhamishwa. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikiwa mita 4 kutoka kwenye chemba, mteremko ni sentimita 10. Tuseme mfereji uko sentimita 45 chini ya sakafu: chini ya choo bomba litakuwa sentimita 35, na kwa kuwa lina unene wa sentimita 11, mgongo wake utakuwa sentimita 24 chini ya marumaru. Kona inaingia bila shida. Lakini mfereji ukiwa sentimita 25 tu, mgongo wa bomba utakuwa sentimita 4 chini ya marumaru, na hakuna kona ya inchi 4 inayokaa hapo. Katika hali hiyo choo kibaki karibu na ukuta wa nje, au kiwe cha kutokea nyuma. Mchoro uwe mzuri kiasi gani, hauwezi kubadilisha hesabu hiyo.

Choo: vipimo viwili na trapu moja

Trapu ni mpindo unaobaki na maji ili kuzuia harufu. Choo cha kutokea chini, ambacho mafundi wanakiita S trapu, hupimwa kutoka ukutani hadi katikati ya tundu. Vingi vinavyouzwa sasa vinataka sentimita 30, vingine 22 au 40. Kipimo hicho ni kutoka kwenye uso wa marumaru, si kwenye tofali. Lipu, gundi na marumaru vinaweza kula sentimita 3 kwa urahisi. Ukipima kutoka kwenye tofali tupu, tundu liweke sentimita 33. Nafasi hiyo ikisahaulika, tangi la nyuma linagonga ukuta na choo kinakataa kukaa.

Choo cha kutokea nyuma, P trapu, hupimwa kutoka sakafuni: kwa vingi vya sasa katikati ya tundu ni sentimita 18 juu ya sakafu iliyokamilika. Kosa la nyumba za zamani hapa ni kubandika marumaru mpya juu ya sakafu ya zamani. Sakafu inapanda sentimita 3 hadi 4, choo kinapanda nayo, lakini tundu la ukutani linabaki lilipo. Mtu anaweka kiungo cha mpira kinachopinda, na ule mpindo ndio unaoshika karatasi.

Wanaobadilisha choo cha kuchuchumaa kuwa cha kukaa wasome hapa mara mbili. Choo cha kuchuchumaa mara nyingi kina trapu yake chini, imezikwa kwenye zege. Choo cha kukaa kina trapu yake ndani ya mwili wake. Ukiweka kimoja juu ya kingine unapata trapu mbili kwenye mstari mmoja, na hewa inanaswa katikati. Ukiflashi, maji yanapanda kwenye bakuli, yanasita, yanashuka polepole, na uchafu unabaki kwenye trapu ya chini. Watu hulaumu choo kipya na kukirudisha dukani. Dawa ni kuvunja zege na kuitoa trapu ya zamani yote, hata kama inaongeza siku moja ya tindo na nyundo.

Maji ya kuogea na harufu

Katika mfumo wa zamani, gali trapu iliyoko nje ndiyo inayozuia harufu ya chemba isirudi bafuni kupitia tundu la kuogea. Ukibaki nayo, isafishe, tengeneza kingo zake, na usiunge choo ndani yake kamwe: haikuumbwa kupitisha vitu vizito. Ukiamua kuiondoa na kuunganisha maji ya kuogea kwenye bomba la choo, lazima kila tundu lipate trapu yake.

Trapu za sakafuni za bei ndogo zina maji ya sentimita 2 au 3 tu yanayozuia harufu. Bafu la wageni lisipotumika wiki mbili kwenye joto la Dar, maji hayo yanakauka na nyumba inanuka. Tafuta yenye kina cha sentimita 5 au zaidi. Kwa beseni, trapu ya chupa au ya P yenye sentimita 7.5 ndiyo salama.

Hata trapu nzuri inanyonywa. Lita 6 au 9 za choo zikishuka kwa mkupuo zinavuta hewa nyuma yake, na kama hewa haipatikani kwingine inavutwa kupitia beseni. Mlio wa gubu-gubu kwenye beseni kila choo kinapoflashiwa ndiyo dalili. Bomba la kupumulia la inchi 2 hadi 4, lililopanda hadi juu ya paa na kufungwa wavu wa mbu, linamaliza tatizo. Nyumba nyingi za zamani zinalo tayari, ila limekatwa au limezibwa na kiota. Angalizo: baadhi ya mabomba hayo ya zamani ni ya asbesto, ya rangi ya kijivu kama saruji. Usiyakate kwa grainda. Vumbi lake linaua mapafu. Yaache yalipo yakiwa mazima. Yakilazimika kutoka, yaloweshwe, yafunguliwe kwenye maungio bila kuvunjwa, yafungwe kwenye plastiki nene, na kazi hiyo apewe mwenye vifaa vya kujikinga.

Chini ya sakafu tumia kona mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na acha mlango wa kusafishia mahali mstari unapogeuka. Bomba lilale juu ya mchanga wa sentimita 10 ulioshindiliwa, si juu ya vipande vya zege la zamani, kwa sababu jiwe moja lenye ncha litalitoboa baada ya sakafu kutulia. Linapopita chini ya msingi, liachie sentimita 5 juu yake ili ukuta usilikalie.

Na tafadhali, fundi asipashe bomba la PVC kwenye moto ili kutengeneza kona au soketi. Ukuta wa bomba unakonda pale linapovutwa, mviringo unaharibika, na gundi inabaki na nafasi ya kujaza ambayo haiwezi. Soketi na elbo ni vitu vidogo. Kuvunja marumaru mpya ni gharama ya bafu zima.

Mabomba ya chuma

GI ya miaka 50 haivuji kila mahali, ndiyo maana watu wanadanganyika nayo. Kutu hujenga vichuguu ndani, na tundu la milimita 16 linabaki upenyo wa kalamu. Maji ya visima ya mwambao, yenye chumvi, yanaharakisha. Dalili ni maji ya kahawia asubuhi, na koki moja kukata nyingine inapofunguliwa ingawa tangi limejaa.

Msimamo wangu: usiunge bomba jipya na la zamani ndani ya ukuta. Ukigusa elbo iliyooza kwa spana ya mabomba, uzi wake unavunjikia ndani, na ukifaulu kuunga umehamishia udhaifu sehemu inayofuata. Anza upya kutoka kwenye bomba linaloshuka kwenye tangi, au angalau kutoka mahali pa wazi panapofikika. GI ya ukutani ikatwe, izibwe na iachwe humo.

Wengi sasa wanatumia PPR, bomba la plastiki linaloungwa kwa kuchomwa, na ni chaguo zuri, lakini kuna mtego wa ukubwa. PPR ya milimita 20 ya daraja la presha la PN20 inaitwa nusu inchi, lakini kuta zake ni milimita 3.4, hivyo tundu ni milimita 13.2 tu. Ya milimita 25, wanayoiita robo tatu, ina tundu la milimita 16.6, na hiyo ndiyo iliyo sawa na GI ya nusu inchi ilipokuwa mpya. Kwa nyumba inayotegemea tangi la juu, piga mstari mkuu wa bafu kwa 25 na uingie kwa 20 mwishoni tu, kwenye kifaa chenyewe. Bafu la mita 2 kwa 2.4 lenye choo, beseni, shawa na hita linakula takribani vipande vinne vya mita 4 vya PPR ya 25 na kimoja cha 20. Elbo ongeza mbili au tatu za akiba.

Mashine ya kuchomea iwe nyuzi joto 260. Bomba la 20 linapashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Weka alama kwa penseli: la 25 linaingia milimita 16, lisizidi. Likisukumwa zaidi au likipashwa kupita muda, plastiki inajikunja ndani na kuziba nusu ya tundu, na hakuna atakayeiona. Lisizungushwe linapoingizwa. Bomba liwe kavu kabisa. Tone moja la maji linatengeneza mvuke na kiungo kinakuwa na vishimo. Hii ndiyo sababu valvu kuu ya nyumba, ambayo kwa umri wake haifungi vizuri, ibadilishwe siku ya kwanza. Weka bol valvu, yenye tufe la chuma ndani, inayofunga kwa robo mzunguko. Geti valvu, ile ya kuzungusha mara nyingi, hushika kwenye maji ya chumvi.

Panapolazimu kukutana na GI, tumia PPR yenye uzi wa nje iingie kwenye soketi ya chuma. Kinyume chake, GI yenye uzi wa nje ikikazwa ndani ya kiungo cha PPR pamoja na katani nyingi, hupasua kiungo, na ufa huo mara nyingi hujitokeza wiki kadhaa baadaye. PPR inayopita juani, kwa mfano kutoka kwenye simtank hadi ukutani, ifunikwe au ipakwe rangi, maana jua linaila.

Usipandishe bomba juu ya mlango halafu ulishushe kama njia ya mkato. Kwenye maji ya tangi, hewa inakaa kwenye ule mgongo na maji yanagoma. Presha ya tangi ni ndogo: kila mita 1 ya kimo ni 0.1 bar. Tangi likiwa mita 3 juu ya kichwa cha shawa una 0.3 bar, na shawa pana za mvua nyingi zitatiririka tu kwa kiasi hicho. Ama uchague shawa ya presha ndogo, ama uweke pampu baada ya tangi. Pampu isinyonye moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji: inawanyima majirani, na inavuta uchafu kupitia nyufa za mabomba ya mtaani.

Vimo ninavyovitumia, vyote kutoka sakafu iliyokamilika: koki ya choo sentimita 20, pembeni kushoto, koki za beseni 55, na maji yake machafu 50, miksa ya kuogea 105, kichwa cha shawa 205. Maji ya moto kushoto. Matundu mawili ya miksa yaachane sentimita 15 kamili na yawe levo. Mdomo wa elbo ya ukutani ulingane na uso wa marumaru. Ukizama, utaongezewa vipande, na kila kipande ni nafasi nyingine ya kuvuja ndani ya ukuta.

Jaribu kabla ya kufunika

Unganisha matundu ya moto na baridi ya miksa kwa mpira wa kawaida wa koki, ziba mengine kwa plagi, na mistari yote miwili inakuwa mmoja. Jaza maji, toa hewa yote, pampu hadi bar 10. Hita na vifaa visiwepo. PPR inatanuka kidogo, kwa hiyo mshale wa kipimo cha presha utashuka mwanzoni. Subiri nusu saa, rudisha, halafu acha saa moja. Ukisimama, sawa. Ukishuka hata kidogo, tafuta kiungo kwa tochi na karatasi kavu. Kisha piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi kamba ndani ya picha, ili atakayetoboa ukuta kuning'iniza kioo ajue bomba liko wapi.

Maji taka nayo yajaribiwe: ziba mwisho wa bomba kwenye chemba, jaza hadi usawa wa sakafu, weka alama, rudi baada ya saa moja.

Sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji ya asili ya saruji mara mbili, ipande ukutani sentimita 20, na sehemu ya kuogea hadi mita 2. Kuzunguka trapu weka wavu wa nyuzi, maana ufa wa kwanza huanzia hapo. Ikishakauka, ziba trapu, jaza maji ya sentimita 5, acha saa 24. Kwa bafu la ghorofani, tazama dari la jirani wa chini, siyo sakafu yako.

Kufunga vifaa

Kabla ya kufunga miksa yoyote, fungua maji kwa nguvu yatoke bure dakika kadhaa. Mchanga, vipande vya PPR na kutu vikiingia kwenye miksa mpya vinaikwaruza siku hiyo hiyo.

Choo kifungwe kwa bolti na kiungo cha mpira. Kukipanda kwenye saruji kunaweza kukipasua, na siku ya kukitoa kinatoka vipande. Kiweke kikavu kwanza, weka levo, jaza mianya kwa vibanzi vya plastiki, kaza bolti kwa zamu kidogo kidogo. Silikoni izunguke mbele na pembeni. Nyuma acha wazi sentimita chache, ili kikivuja maji yaonekane badala ya kujificha chini.

Hita ya lita 50 ikijaa inazidi kilo 60. Ukuta wa tofali zenye matundu hauishiki kwa skrubu za kawaida. Bolti zipite hadi upande wa pili. Valvu ya usalama kwenye maji baridi itadondosha matone hita inapopasha. Ndivyo inavyotakiwa. Vuta kijibomba hadi kwenye trapu ya sakafu, na asiwepo mtu wa kukiziba.

Wiki ya kwanza fungua chemba tena uone kama kuna saruji au grauti iliyoganda; mafundi wa marumaru huosha ndoo zao kwenye tundu lililo karibu. Usiku mmoja funga koki zote na uweke alama ya kiwango cha maji kwenye tangi. Mita haitakusaidia hapo, kwa sababu inaishia kabla ya tangi. Asubuhi kiwango kikiwa kimeshuka, usikimbilie kuvunja ukuta. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashia, subiri dakika 20 bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kinachovujisha ni mpira wa ndani ya tangi hilo, na unabadilishwa bila kugusa marumaru hata moja.